Wakili wa Msimamizi

Kwetu kiwandani huwezi kukaa bila upande. Unaweza kukosa sindano, unaweza kukosa hata chakula cha mchana, lakini Alhamisi redio ikishawashwa lazima useme: Msimamizi ni msaliti au si msaliti? Ukijibu kwamba hujui, wenzako wanakutazama kama mtu aliyekuja kazini na nguo za kulalia.

Naliita kiwanda kwa heshima tu. Ni chumba kirefu nyuma ya duka la vitambaa, vyerehani vimepangwa kufuata dirisha, meza ya kukatia iko katikati, pasi ziko pembeni na redio iko juu ya rafu ya nyuzi. Tunashona sare za shule na za wauguzi. Kazi yangu mimi ni kola. Kushoto kwangu anakaa Mama Vifungo, ambaye sina haja ya kueleza anafanya nini, na mdomo wake hauna breki. Kulia anakaa Wakili, mshonaji wa mikono ya mashati. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake, maana siku hizi mtaani wanamsema kwamba ni mjinga, amemtia adui ndani kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nimechoka kusikia upuuzi.

Kwanza mjue igizo lenyewe. Tajiri mmoja amemnyang'anya mjane shamba. Nyumba ya huyo tajiri inaendeshwa na Msimamizi, mshika funguo zote. Zamani Msimamizi alikuwa mtu wa mjane, alikula kwake, alikulia kwake. Sasa anamtumikia tajiri na kumwitikia "naam bwana" kwa sauti laini hadi unataka kuizima redio. Ni yeye aliyemfungia mjane geti usoni. Lakini ni yeye huyo huyo, wiki chache baadaye, aliyesahau kufunga mlango wa ghala, mjane akaingia akachukua mbegu zake. Alisahau kweli, au alisahau makusudi? Hapo ndipo kiwanda kilipogawanyika, na tangu hapo hakijaungana.

Tuna utaratibu wetu. Anayetaka kusema anavaa futi ya kupimia shingoni. Ukiwa umeivaa, hakuna wa kukukatiza. Hujaivaa, meza maneno yako. Na lazima ulete jambo lililosikika redioni, si ndoto zako. Mama Vifungo ndiye mwendesha mashtaka wetu.

"Kila akidanganya anakohoa," alisema Alhamisi moja, futi shingoni, kidole juu. "Alimkoholea mjane, akamkoholea tajiri. Huyo ni ndumilakuwili, na mimi ndumilakuwili nawajua, nimeolewa katika ukoo wao."

Mpiga pasi, mwanamume mpole wa maneno machache, akasema labda mwigizaji mwenyewe ana kifua. Hakuwa amevaa futi, kwa hiyo hoja yake haikuhesabiwa, ingawa mimi mpaka leo naona ilikuwa na maana.

Wakili akaichukua futi. Ijumaa mpaka Jumatano ungedhani amemeza ulimi, lakini Alhamisi alikuwa mtu mwingine. "Msimamizi anakijua kisima cha siri cha mjane," alisema. "Anakijua tangu mwanzo. Tajiri anakitafuta kama nini. Mbona hajamwambia? Mtu akitaka kukumaliza, anakumaliza. Huyu anajikunyata humo ndani ya nyumba ya adui ili akipata nafasi amsaidie mama yake. Nyinyi mnaona geti tu, hamwoni kilicho moyoni."

"Cha moyoni umekiona wewe?" Mama Vifungo akarusha kijembe.

"Nimekisikia."

Alimtetea Msimamizi kwa moyo wote, na ndivyo alivyopata jina. Siku moja alibishana huku anashona, na Bosi, fundi wetu wa kukata, akainua gauni la muuguzi mbele ya dirisha akalitazama muda mrefu. "Huyu muuguzi ana mikono miwili ya kushoto," akasema. Lilikuwa fungu zima namna hiyo. Wakili alishinda akifumua mishono, uzi uko kati ya meno, na bado anatetea.

Bosi hujitia hamnazo, anasema hasikilizi mambo ya redio. Lakini Alhamisi mkasi wake huwa haulii.

Kwa nini Wakili alimpenda hivyo mtu wa redio, hatukujua. Alikuwa mwenzetu miaka na miaka na tulijua machache. Aliishi kwenye chumba na sebule, karibu na kituo cha maji, na mdogo wake wa kiume alikuwa anafanya kazi mji mwingine. Hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini, anakuuliza wewe kwa nini umeolewa. Mwanangu alipolazwa, nilirudi kazini nikakuta kola zangu zote zimeshonwa, zimepangwa, na Wakili ameinamia cherehani chake kama hajui kitu. Nilipomshukuru aliniambia, "Ulitaka nizitazame tu?" Huyo ndiye mtu wanayemwita mjinga.

Basi, Alhamisi moja hivi karibuni simu ilimpata tunakunywa chai. Akatoka nje ukumbini. Aliporudi alikaa, akaweka mguu kwenye kanyagio la cherehani, asikanyage.

"Kuna msiba?" nikamuuliza.

"Afadhali ungekuwa msiba." Kisha akajishika mdomo. "Mungu anisamehe."

Hatukumharakisha.  Chai ilipopoa Wakili akaanza kusema, macho yako kwenye sindano.

Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo sana. Baba yake akaoa tena, akamleta msichana ambaye Wakili na mdogo wake walimwita Mama Mdogo. Alikuwa mama wa kambo, lakini walimzoea, alikuwa anawasuka nywele na kuwaimbia. Kisha baba naye akafariki. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, akaita kikao sebuleni. Nyumba ilikuwa ya ukoo, akasema, na lazima ijulikane nani anabaki na nani anaondoka. Watoto walikaa chini, kwenye mkeka. Mama Mdogo alikaa kwenye kochi, ubavuni kwa Baba Mkubwa. Alipoulizwa, alisema, "Watoto waende kwa bibi yao."

"Tuliondoka jioni ile ile," Wakili akasema. "Niligeuka pale getini. Nilimwona anafunga madirisha, moja baada ya jingine. Hakututazama."

"Akaja kuwaona?" nikauliza.

"Sikumwona tena. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, zilikuja sare. Zilipitia kwa msafiri yeyote. Hazikuja na neno hata moja."

Sasa Mama Mdogo amezeeka, ameanguka, amevunjika nyonga. Baba Mkubwa ameshakufa, na watoto wake wameiuza nyumba na hawataki hata kusikia jina la yule bibi. Hospitali inamtoa Jumamosi. Mdogo wake Wakili ndiye aliyepiga simu, na alitaka jibu: amlete kwa dada yake, au amtafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee, ambako hakuna anayemjua?

"Nimemwambia sijui," akasema Wakili. "Nitamlishaje mtu aliyenifukuza? Lakini nikimwacha huko, usingizi nitaupata wapi? Nikijua tu alikuwa upande gani, basi. Nikijua, nitaweza."

Mama Vifungo akasimama. Nikadhani anakwenda kuleta maneno yake yale. Akavaa futi, taratibu, akauliza, "Hizo sare zilikuwaje?"

"Zilikuwa sare."

"Pindo lake?"

Wakili akaangalia mikono yake. Tulimwona anakumbuka kwa vidole. "Pindo lilikuwa kubwa," akasema. "Kubwa sana. Lilishonwa kwa mkono. Bibi yetu alikuwa anatufungulia kidogo kidogo kila tukirefuka."

Vyerehani vyote vilisimama. Nyinyi msioshona mtaniona natia chumvi, lakini sisi tulielewa. Anayeshona ili aondoe lawama anakata kitambaa kipimo chake, anamaliza, anaenda zake. Anayeacha pindo kubwa amekaa akamfikiria mtoto, akajiuliza mwakani atakuwa na urefu gani.

Basi tukamfungulia kesi yule bibi kama tulivyozoea. Futi ikazunguka. Mama Vifungo, mwendesha mashtaka mzima, akageuka mtetezi. Akasema Mama Mdogo alikaa ubavuni kwa Baba Mkubwa ili aaminiwe, maana angesimama na watoto angetupwa nje pamoja nao, na hizo sare zingetoka wapi? Mpiga pasi akavaa futi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema kuwapeleka kwa bibi yao kuliwaepusha na Baba Mkubwa mwenyewe, ambaye kwa sifa alizosikia hakufaa kulea hata mbuzi. Na mimi, mdomo wangu huu, nikaongeza madirisha. Nikasema aliyafunga ili watoto wasimwone analia. Kila mtu akasema ndiyo, bila shaka, ndiyo yenyewe.

Niliuona uso wa Wakili unafunguka. Alionekana mdogo, kama msichana. Igizo lilikwisha redioni na hakuna hata mmoja wetu aliyelisikia.

Bosi ndiye aliyetuharibia. Aliweka mkasi mezani. "Nyinyi mnaniudhi," akasema. "Huyo wa redio hamwezi kumuuliza, sawa, bishaneni. Huyu yuko wodini, ana mdomo wake. Si mwende mkamuulize?"

 Wallahi hakuna aliyekuwa amefikiria hilo.

Jumamosi Wakili aliniomba nimsindikize. Njiani midomo yake ilikuwa inatembea, anajifunza maneno yake. Wodi ilikuwa ndefu, imejaa, inanuka dawa ya sakafu. Mdogo wake Wakili alikuwa kwenye benchi, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi. Kitandani kulikuwa na bibi mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, mfuko wa nguo umewekwa miguuni tayari kwa safari, kwenda popote atakapopelekwa.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Umekuwa mrefu. Baba yako alikuwa mrefu."

Wakili akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaanza kama tulivyompangia. "Siku ile ya kikao," akasema, "ulikaa karibu na Baba Mkubwa. Nimefikiria sana. Uliona ukimpinga mtafukuzwa wote. Ukajifanya uko naye, lakini moyoni ulikuwa upande wetu. Sivyo?"

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni, na nilimtolea yule bibi macho akubali. Neno moja tu. Lingempunguzia nini?

Bibi alikunja ukingo wa shuka, akaukunjua. "Nani amekwambia hayo?"

"Wenzangu kazini."

"Wana roho nzuri," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Sikuwa upande wenu. Baba yenu mkubwa aliniuliza, ubaki na nyumba au uondoke na watoto wa mwenzio. Nilikuwa msichana, sina kwa kwenda. Niliogopa, nikaitaka nyumba. Nilisema mwende, na nilitaka mwende."

Mdogo wake Wakili aliinamisha kichwa. Wakili hakuinamisha.

"Na madirisha?"

"Madirisha yapi?"

"Uliyafunga sisi tunaondoka. Hukutaka tukuone unalia."

Bibi akajaribu kukumbuka, na niliona anajaribu kweli. "Labda mvua ilikuwa inakuja," akasema.

Nikatamani ardhi inimeze.

"Na sare?" Sauti ya Wakili ilikuwa imeshuka, karibu haisikiki.

"Sare ni baadaye. Nilibaki mle ndani, kila nikifungua kabati nakuta kitu chenu. Nikaanza kuwawaza. Nikawa nashona. Kuja kuwachukua sikuthubutu, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona haya. Nilianza kuwapenda mmeshaondoka, huo ndio ukweli." Akauacha ukingo wa shuka. "Nataka sana kwenda na wewe. Usiku nasikia wenzangu wanaitwa majina na watoto wao, mimi naogopa hapa. Lakini usinichukue kwa jambo ambalo sikulifanya. Ukija kulijua baadaye, utanichukia nikiwa nyumbani kwako, na hilo sitaliweza."

Wakili akainuka akatoka. Nikamfuata mbio. Nilikuwa na hasira na yule bibi. Mtu umeshikiwa wokovu wako mkononi, unaambiwa chukua, unasema hapana si wangu! Nilimkuta Wakili ukumbini, ameegemea ukuta karibu na ndoo ya mfagiaji, machozi yanamtoka bila sauti. Nikamshika. 

"Angeweza kusema ndiyo," akasema.

"Angeweza."

"Nilimtafunia jibu, nikamtia mdomoni. Kazi yake ilikuwa kumeza tu."

"Ndiyo, mwenzangu. Nilimwona."

"Hakumeza." Akajifuta kwa mkono wa gauni. "Baba Mkubwa alituambia ni mipango ya ukoo. Bibi yetu alituambia ni mapenzi ya Mungu. Tangu nizaliwe, kuhusu siku ile, huyu ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Na ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kunidanganya."

Akalia tena kidogo. Mfagiaji akaja kuchukua ndoo yake, akatuona, akaiacha. Wakili akanyoosha gauni lake, akarudi wodini, nami nyuma yake nisijue tunarudi kusema nini.

Hakusema lolote la maana. Alimgeukia mdogo wake akauliza, "Viatu vyake viko wapi?"

Yule mdogo wake alipiga magoti akaanza kutafuta chini ya kitanda. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta viatu, na alipotoka alikuwa na macho mekundu. Bibi hakushukuru. Aliuvuta mfuko wake wa nguo akaukumbatia. Tulipomwinua, nilimshika vibaya, akanikemea: "Wewe, shika chini ya kwapa, mimi si gunia." Hapo hasira yangu ikaanza kupungua, maana aliyenikemea ni mtu kabisa, wala si kesi.

Jumatatu Mama Vifungo alikuwa mlangoni na futi mkononi. "Haya, tuambie. Tulipatia?"

"Hamkupatia," Wakili akasema, anatia uzi kwenye sindano. "Hakuwa upande wetu."

Futi ikashuka. Mama Vifungo alikaa kwenye kiti kisicho chake. "Pole, mwenzangu. Sasa mmempeleka wapi?"

"Yuko kwangu. Amechukua kitanda, mimi nalala sebuleni. Anasema godoro langu gumu."

Hakuna aliyecheka, kisha mpiga pasi akacheka, kisha tukacheka wote, na Mama Vifungo akawa anacheka na kulia pamoja.

Basi watu wa mtaani wakapata la kusema. Wanasema amerogwa, wanasema hana kumbukumbu, wanasema angalau angesubiri bibi aombe radhi mbele ya watu. Wameona wapi? Mimi nilikuwepo.

Alhamisi ikafika. Wiki hiyo ndiyo mjane alikuwa anakutana na Msimamizi uso kwa uso, na redio ilikuwa imetangaza siku nyingi kwamba atamuuliza: wewe ni wa nani? Tulimaliza kazi mapema makusudi. Bosi mwenyewe alisogeza kiti, akajifanya anatafuta chaki. Muziki wa kufungulia ukapigwa, na Wakili akasimama akakifunika cherehani chake.

"Unakwenda wapi?" Mama Vifungo akashangaa. "Leo anaulizwa!"

"Mama hawezi kuoga peke yake. Mtanisimulia kesho."

"Basi tuachie neno lako kabla hujaondoka." Akamrushia futi. "Ni msaliti au si msaliti?"

Wakili aliidaka, akaishika tu, hakuivaa. "Ni msaliti," akasema.

Kiwanda kizima kikamgeukia. Hata Bosi aliacha kutafuta chaki.

"Nimemtetea miaka yote hii nikidhani asipokuwa mwema nitalazimika kumchukia," akasema. Akaiweka futi mezani, akachukua mkoba wake. "Kumbe si lazima."

Akatoka haraka, maana alikuwa amemwachia jirani maji jikoni amchemshie, na bibi hapendi maji yakipoa.